Swali Ambalo Hatukuulizwa Kliniki

Miezi minane iliyopita daktari wa watoto alituuliza, mimi na mke wangu, swali jepesi kiasi kwamba nusura nicheke. Alisema: "Je, mtoto huwa anawaonyesha kitu kwa kidole? Si kukiomba, kuwaonyesha tu, ili nanyi mkione?" Mwanangu alikuwa na umri wa miaka mitatu na miezi saba. Nyumbani tunamwita Babu, kwa kuwa amerithi jina la marehemu baba yangu. Nilifungua kinywa nijibu kwamba bila shaka huonyesha, kwani ni mtoto gani asiyeonyesha ndege ikipita angani? Kisha nikanyamaza. Nilitafuta kumbukumbu ya kidole chake kikielekea kwa mbuzi, kwenye gari, au kwenye mwezi, nisiipate. Nilichokikumbuka ni mkono wake mdogo ukishika kifundo cha mkono wangu na kunikokota hadi kwenye mtungi wa maji, kana kwamba mkono wangu ulikuwa kata ya kuchotea.

Mke wangu hakuhitaji kutafuta kumbukumbu. Alijibu papo hapo: "Hapana, daktari. Hajawahi." Jibu hilo alikuwa nalo kwa miaka miwili.

Baada ya maswali mengine mengi, kipimo cha usikivu na ziara tatu za hospitali, tulipewa karatasi yenye neno lililobadili mpangilio wa maisha yetu: usonji. Siandiki makala haya kutafuta huruma. Naandika kwa sababu mbili. Kwanza, kwa miaka kadhaa nimeandika hapa kuhusu uwajibikaji wa wenye mamlaka, na sioni nina haki gani ya kuwadai wengine ukweli ambao mimi mwenyewe naufungia ndani ya nyumba yangu. Pili, nimejiridhisha kwamba swali lile la kidole lingeweza kuulizwa miaka miwili kabla, na kwamba nchi yetu tayari inayo siku, mahali na mtu wa kuliuliza.

Kosa langu mimi baba

Naanza na kosa langu, kwa kuwa ndilo ninalolijua vizuri zaidi.

Babu alipokuwa na mwaka mmoja na nusu, mama yake aliniambia kwamba mtoto hageuki akiitwa jina. Alikuwa tayari amejifunza maneno mawili, "mama" na "maji", na yote mawili yalikuwa yamepotea, jambo ambalo, nimekuja kujifunza, huwatokea baadhi ya watoto wenye usonji. Nilimjibu kwamba watoto wa kiume huchelewa kusema. Alipolirudia jambo hilo miezi michache baadaye, akaongeza kwamba mtoto anapanga vifuniko vya soda kwa mstari saa nzima na kulia kwa uchungu kimoja kikisogezwa, nilimwambia kwamba huo ni utulivu wa kitaaluma. Nilimtajia wanasayansi mashuhuri wanaosemekana walichelewa kuzungumza. Aliporudia mara ya tatu nilimwambia maneno ambayo bado yananiumiza: "Usimtafutie mtoto ugonjwa."

Mtu asiyesoma akiukataa ukweli huukataa kwa hofu. Msomi huukataa kwa hofu ileile, ila yeye huutafutia na ushahidi. Mimi ninayewafundisha vijana kutofautisha dhana na uthibitisho nilikusanya kila kilichonifariji na kutupa kila kilichonitisha. Kumbe mtafiti wa kweli katika nyumba ile alikuwa mke wangu: aliangalia, akarekodi, akauliza, na akapuuzwa na msimamizi wake.

Baadhi ya ndugu walisema mtoto ametupiwa jicho. Wengine walisema mama yake alipita mahali pasipopitwa wakati wa ujauzito. Tulipelekwa kwenye maombi, tukapelekwa na kwa mganga. Nilikwenda kote huko bila kupinga, na leo naweza kukiri sababu: maelezo hayo yote, japo sikuyaamini, yalikuwa na sifa moja iliyonipendeza. Yaliuweka mzigo mbali na mimi.

Hata sayansi ilimsingizia mama

Kwa msomaji ambaye neno hili ni geni, usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo inayoanza mapema sana utotoni. Huathiri namna mtoto anavyowasiliana na kushirikiana na wengine, na huambatana na tabia za kujirudia, mapenzi makali ya utaratibu uleule, na mara nyingi hisia kali mno au hafifu mno kwa sauti, mwanga, mguso au ladha. Wapo wasiosema kabisa maishani, na wapo wenye shahada za uzamivu. Ndiyo maana wataalamu husema ni hali yenye wigo mpana. Haiambukizi, wala mtu "haponi" kama anavyopona malaria, lakini mtoto hujifunza, hukua na hubadilika, hasa akisaidiwa mapema.

Mwaka 1943, huko Baltimore, Marekani, daktari Leo Kanner alichapisha maelezo ya watoto 11 waliokuwa na hali hiyo. Baadaye Kanner mwenyewe aliandika juu ya ubaridi aliodai kuuona kwa wazazi, na wengine wakaenda mbali zaidi yake. Bruno Bettelheim, aliyeongoza shule ya watoto wenye matatizo ya kihisia huko Chicago, alichapisha kitabu mwaka 1967 akitetea wazo kwamba mtoto hujifungia ndani ya nafsi yake kwa sababu ya malezi ya wazazi, na lawama ikamwangukia mama. Akina mama wa tabaka la kati Marekani, wenye majokofu na magari, walitazamwa kama wanavyotazamwa akina mama wa Kiswahili wanaoambiwa walikiuka mwiko. Vazi la mshutumu lilikuwa koti jeupe la daktari; shutuma ilikuwa ileile.

Na ni nani aliyelivunja wazo hilo? Kwa sehemu kubwa ni wazazi. Bernard Rimland, mwanasaikolojia na baba wa mtoto mwenye usonji, alichapisha kitabu mwaka 1964 akionyesha kwamba chanzo ni cha kibayolojia. Mjini London, daktari wa magonjwa ya akili Lorna Wing, ambaye binti yake alikuwa na usonji, aliungana na wazazi wenzake mwaka 1962 kuanzisha chama chao cha kitaifa, na utafiti wake ndio ulioleta dhana ya wigo niliyoitaja. Mwaka 1977 utafiti juu ya mapacha uliofanyika Uingereza ulionyesha uzito wa urithi wa kinasaba. Na barani kwetu, Zemi Yenus wa Ethiopia, mama wa kijana mwenye usonji, alifungua kituo mjini Addis Ababa mwaka 2002, wakati ambapo watoto wa aina hiyo walifichwa vyumbani.

Nayaeleza haya ili tuwe na adabu tunapozungumza na bibi zetu. Bibi anayesema mtoto amerogwa amekosea, lakini hakukosea zaidi ya maprofesa wa Chicago. Tofauti ni kwamba maprofesa walipingwa hadharani kwa hoja na vipimo hadi wazo lao likaachwa. Bibi naye anastahili heshima ya kupewa hoja badala ya kuchekwa.

Siku ya sindano ya miezi 18

Sasa nifike kwenye jambo la sera.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 takriban mtu mmoja kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Sensa yetu ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Tukitumia makadirio hayo ya dunia kama kipimo cha kukisia tu, tunazungumzia watu wapatao 486,000 nchini Tanzania. Iwe idadi halisi imezidi hapo au imepungua, watu hao hawamo katika madarasa yetu kwa idadi hiyo, wala katika ofisi zetu, wala katika mipango yetu. Wako wapi? Wengi wako majumbani, na wengi wao hakuna aliyewahi kuwatajia neno hili.

Hata hivyo karibu wote walipita mahali pamoja: kliniki ya watoto. Nchi yetu imejenga kwa miongo mingi jambo ambalo mataifa mengi yanalitamani, yaani mazoea ya mama kumpeleka mtoto kliniki akiwa na kadi mkononi. Mtoto hupimwa uzito, nukta ikawekwa kwenye mstari wa ukuaji, chanjo ikaandikwa tarehe. Ratiba yetu ya chanjo humtaka mtoto arudi akiwa na miezi 18 kwa dozi ya pili ya surua na rubela. Na umri huo ndio hasa ambao dalili za usonji zinaweza kuonekana kwa maswali mepesi. Dodoso linalotumika sana duniani kuchuja watoto wa kati ya miezi 16 na 30 lina maswali 20 tu, na mzazi huyajibu kwa ndiyo au hapana. Swali la kidole ni mojawapo.

Nimeitazama upya kadi ya Babu. Kila nukta ya uzito iko mahali pake, na mstari wake unapanda vizuri, si haba. Siku ya sindano ya miezi 18 tulikuwapo. Mimi mwenyewe nilimshika mapaja. Muuguzi alikuwa mwema na mwepesi wa mkono. Aliuliza kama mtoto anakula, kama amewahi kupata degedege, kama analala kwenye chandarua. Hakuuliza kama anageuka akiitwa, wala kama anaonyesha kwa kidole. Simlaumu hata kidogo. Hakuna aliyemfundisha kuuliza, na nyuma yetu palikuwa na foleni ya akina mama iliyofika mlangoni. Tulitoka na mtoto aliyekingwa dhidi ya surua na mzazi mmoja aliyekuwa na swali ambalo hakuulizwa.

Kuna kejeli chungu hapa. Mwaka 1998 daktari Andrew Wakefield na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet makala kuhusu watoto 12 yaliyozua hofu kwamba chanjo ya surua husababisha usonji. Tafiti kubwa zilizofuata katika nchi mbalimbali hazikuona uhusiano huo, mwaka 2010 jarida liliyafuta makala yale, na mwandishi huyo akaondolewa katika orodha ya madaktari wa Uingereza. Uvumi hata hivyo haukufutwa. Umefika hadi kwenye makundi ya simu ya akina mama wa Mbagala na Kisumu. Kinachoupa uvumi huo nguvu ni sadfa ya umri: dalili huonekana wakati uleule chanjo inapotolewa. Tungeitumia sadfa hiyo kwa faida. Siku iliyosingiziwa kuleta usonji ingekuwa siku ya kuutambua, na mzazi angeondoka na maelezo sahihi kabla uvumi haujamfikia.

Mchape huyo mtoto

Kutambua peke yake hakutoshi, kwani kuna jamii nje ya mlango wa kliniki.

Jumamosi moja, wiki chache baada ya kupewa karatasi ile, tulipanda daladala. Babu huvumilia mtikisiko, huvumilia joto, lakini honi humwingia kama sindano. Dereva alipiga honi mfululizo kwenye makutano, naye akaziba masikio, akaanza kupiga kelele na kujirusha. Kondakta alisema, "Mama, mchape huyo mtoto, mmemdekeza." Abiria mmoja akaongeza, "Samaki mkunje angali mbichi." Wengine wakacheka. Mke wangu alimkumbatia mtoto kifuani akamfunika masikio kwa kanga. Nami, mwanaharakati wa karatasi, mtoa mada wa makongamano, niliinamisha kichwa. Tulishuka kabla ya kituo chetu. Aliyeshuka nasi ni mama mmoja muuza ndizi. Hakusema lolote, alimshikia mke wangu mkoba mpaka mtoto alipotulia, kisha akavuka barabara kwenda zake.

Nimeitafakari sana methali ile ya samaki. Ina hekima yake: mwili mbichi hukunjika, ukikauka huvunjika, na kwa maana hiyo inatetea msaada wa mapema kuliko andiko lolote la kitaalamu. Lakini tumeifanya kuwa fimbo. Mtoto anayelia kwa sababu sauti inamuumiza hafundishwi chochote na kiboko, isipokuwa kwamba ulimwengu una maumivu mawili badala ya moja. Methali nyingine, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, nayo hugeuzwa hati ya mashtaka: mtoto akikua tofauti, basi kuna mzazi aliyelea vibaya. Wahenga walizungumzia wajibu. Sisi tumegeuza kuwa hukumu.

Na hukumu hiyo haigawanywi sawa. Katika kikundi cha wazazi tulichojiunga nacho, tunakutana Jumamosi mbili kwa mwezi chini ya mwembe wa kanisa. Siku ya kwanza nilihesabu akina mama 14 na akina baba wawili, mimi nikiwamo. Wengine wamekimbiwa na waume zao siku chache baada ya jibu la daktari. Mmoja aliambiwa na mumewe, "Katika ukoo wetu hakuna vitu hivyo." Kila mara nisikiapo kisa kama hicho nakumbuka sentensi yangu mwenyewe, "Usimtafutie mtoto ugonjwa," na naona kwamba umbali kati yangu na baba huyo si mkubwa kama ningependa uwe.

Sheria tunazo

Watumishi wa umma wanaosoma makala haya wataniambia kwamba sheria ipo, na ni kweli. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009. Mwaka huohuo tukatunga Sheria ya Mtoto inayokataza ubaguzi kwa misingi ikiwamo ulemavu. Mwaka 2010 tukatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu inayotambua haki ya elimu jumuishi. Tuna chuo cha Patandi kule Arusha kinachoandaa walimu wa elimu maalumu. Dar es Salaam, Shule ya Msingi Msimbazi Mseto, ambayo ni shule ya serikali, imekuwa na kitengo cha watoto wenye usonji kwa miaka mingi, jambo linaloonyesha kwamba hata shule ya umma inaweza.

Pamoja na hayo yote, tulipomtafutia Babu nafasi ya awali, shule ya kwanza ilituambia imejaa. Ya pili ilituambia, kwa upole sana, kwamba "wazazi wengine watalalamika". Ya tatu ilimkubali kwa masharti kwamba tulipe mshahara wa msaidizi wa kukaa naye. Sikukuta mtu aliyesema sheria hairuhusu. Nilikuta watu wasiojua kwamba sheria inawataka wafanye jambo, na wengine wanaojua lakini hawajapewa mwalimu, wala chumba, wala shilingi ya kulifanyia. Elimu jumuishi si kumwingiza mtoto wangu katika darasa la watoto 90 na kumwacha kwenye kona ya dirisha. Huko ni kumjumlisha, si kumjumuisha.

Mimi na mke wangu tuna mishahara. Hata hivyo mke wangu ameomba likizo bila malipo, kwa sababu mtaalamu wa tiba ya usemi na mtoa tiba kwa vitendo wanapatikana saa za kazi tu, tena upande mwingine wa jiji. Ikiwa nyumba yenye mishahara miwili imepoteza mmoja ndani ya miezi sita, fikiria nyumba ya mama ntilie, au ya mkulima wa wilaya ambayo mtaalamu wa karibu zaidi yuko mwendo wa siku nzima kwa basi. Kwake yeye karatasi ya daktari ni jina la tatizo bila anwani ya msaada.

Tunachojifunza nyumbani

Hapo ndipo huzuka pingamizi zito dhidi ya pendekezo langu, nami nimelisikia kutoka kwa rafiki yangu anayefanya kazi katika sekta ya afya. Alisema: "Unataka muuguzi aulize, lakini akishatambua ampeleke wapi? Huduma hazipo. Utakuwa umewatia wazazi hofu bure." Akaongeza kwamba muuguzi tayari amezidiwa, na kwamba maswali 20 yatawataja pia watoto wasio na usonji.

Yote matatu ni kweli, na hakuna hata moja linalotosha kuhalalisha ukimya. Maswali ya kuchuja si hukumu. Ni sababu ya kuangalia tena, kuanzia na masikio, kwa kuwa mtoto asiyegeuka akiitwa huenda hasikii tu, na hilo nalo ni muhimu kulijua. Dodoso litafsiriwe na kupimwa kwa watoto wetu kabla ya kusambazwa. Kuhusu muda, upimaji wa uzito, utoaji wa matone ya vitamini na elimu ya chandarua vyote viliongezwa kwa muuguzi huyohuyo pale taifa lilipoamua vina thamani. Tusianze hata na maswali 20. Tuanze na machache.

Kuhusu "ampeleke wapi", jibu ni kwamba mtaalamu wa kwanza wa mtoto yuko tayari nyumbani, ila hajafundishwa. Shirika la Afya Duniani limeandaa mafunzo ya walezi wa watoto wa miaka miwili hadi tisa wenye ucheleweshaji wa ukuaji, usonji ukiwamo: vikao tisa vya kikundi na ziara tatu za nyumbani. Yaliandaliwa kwa ajili ya nchi zisizo na wataalamu wa kutosha, yanaweza kuendeshwa na watu wasio wataalamu waliopata mafunzo, na Ethiopia ni miongoni mwa nchi zilizoyajaribu. Tuna wahudumu wa afya ngazi ya jamii, tuna maofisa ustawi wa jamii, tuna vikundi vya vicoba vinavyokutana kila wiki. Chombo cha kuyabeba tunacho.

Kwamba malezi ya aina hiyo yana uzito nalishuhudia mwenyewe. Tulifundishwa kupunguza maneno: badala ya "Babu njoo hapa haraka unawe mikono tule", tunasema "Babu, nawa", tukimwonyesha bomba. Tulibandika ukutani picha tano za siku yake: kuamka, chai, kucheza, kuoga, kulala, kilio cha asubuhi kikapungua ndani ya wiki tatu. Tulifundishwa kuketi sakafuni na kumfuata anakopenda, badala ya kumvuta tunakotaka sisi. Kwa hiyo mimi, mtu mzima mwenye miwani, hupanga vifuniko vya soda. Wiki ya kwanza alinisukuma. Wiki ya pili alinivumilia. Wiki ya nne alinipa kifuniko mkononi na kusubiri nikiweke. Ilikuwa mara ya kwanza mwanangu kunisubiri.

Si kila siku huwa hivyo. Zipo siku anarudi nyuma hatua zote tulizopiga. Zipo usiku anazolala saa tatu tu, na asubuhi ninaingia darasani nikiwa na hasira ambayo wanafunzi wangu hawakuisababisha. Sitaki kumpa mzazi mwenzangu picha ya ushindi. Ninachoweza kumwambia ni kwamba mtoto aliyeingia nawe kwa daktari ndiye yuleyule uliyetoka naye. Karatasi haikumbadilisha; ilikubadilisha wewe, ukaanza kumwona.

Ombi langu

Kwa watumishi wa umma wenye dhamana ya afya ya mtoto: yaingizeni maswali ya ukuaji katika ziara ya miezi 18, mfundisheni muuguzi, na wekeni mafunzo ya walezi katika bajeti za halmashauri. Kwa wenye dhamana ya elimu: hesabuni kwanza walimu wa elimu maalumu mlio nao na mahali walipopangwa, kisha ndipo mtuambie kuhusu ujumuishi.

Kwa wanaharakati: tarehe 2 Aprili, siku ya usonji duniani, tunavaa fulana na kupiga picha. Tuendelee, lakini tarehe 3 Aprili twende kwenye kikao cha bajeti cha kata na tuulize.

Kwa wanafunzi wangu, hasa mnaojiandaa kuwa walimu, wauguzi na maofisa ustawi: nendeni mkajifunze kuuliza. Na kwenu vijana wa kiume mtakaokuwa baba, mkeo akikwambia kuna jambo analiona kwa mtoto, weka vitabu vyako chini umsikilize. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Usonji hauui, lakini kuuficha huua muda, na muda wa mtoto haurudi.

Wiki iliyopita, jioni, nilikuwa nimeketi na Babu barazani. Umeme ulikuwa umekatika na mtaa mzima ulikuwa kimya, jambo ambalo yeye hulipenda. Mwezi ulitokea juu ya paa la jirani. Aliutazama kwa muda mrefu. Kisha akaninyakua mkono kama kawaida yake, nami nikadhani anataka maji, nikaanza kuinuka. Hakuniongoza popote. Aliuachia mkono wangu, akanyoosha wake, na kwa kidole kimoja ambacho hakikuwa kimenyooka vizuri, akauelekezea mwezi. Halafu akageuka kunitazama usoni, kuhakikisha kwamba nimeuona.

Nilimwita mke wangu kutoka jikoni. Alipofika kidole kilikuwa kimeshateremshwa. Safari hii alinisikiliza yeye, nikamweleza, na akaniamini bila kuniuliza ushahidi.